Nani kakwambia hilo ni Kiswahili?

Mgeni akija Dodoma cha kwanza kuulizia ni zabibu. Msimu ukikolea utaziona kila kona, kwenye mabeseni, kwenye ndoo, kwenye vimfuko vya nailoni, mpaka mtu ananyooshewa dirishani kwa basi hata hajashuka. Sasa chukua kichala kimoja kibichi kinachodondosha maji, mpelekee Mwarabu umwambie "karibu zabibu", atakushangaa kweli, maana kwao zabib ni zile kavu zilizosinyaa tunazotia kwenye keki na pilau, hizi mbichi wao wanaita inab. Na ukikaa ukafikiria inaeleweka tu, tunda bichi la namna ile lingefikaje pwani na jahazi likiwa zima? Kwa hiyo inaelekea jina tulilipokea likiwa la kitu kikavu, halafu lile tunda bichi likapewa jina la ndugu yake aliyekaushwa, na baadaye sana, miaka ya 1950, wamisionari wa Kikatoliki wakapanda mizabibu kule Bihawana ikakubali ardhi ya Ugogo. Leo tukizitaka zile za kwenye keki inabidi tuseme "zabibu kavu", yaani kwa sikio la Mwarabu tunasema kavu kavu.

Na kinachokamuliwa humo nacho kina vituko vyake. Ukienda kanisani utasikia mkate na divai. Ukisoma gazeti linaloandika habari za wakulima wa Makutupora ni mvinyo. Ukikaa na vijana baa ni waini. Mvinyo ni vinho ya Wareno, waini ni ya Mwingereza, divai ni ya Mfaransa, ambaye akitaka kusema "mvinyo kidogo" anasema du vin, sisi tukabeba yote kama ilivyo, na Madagaska nao wanasema divay hivyohivyo. Maneno yote matatu mzizi wake ni mmoja, vinum ya Kilatini. Liliingia kwetu kwa milango mitatu na kila mlango ukalipa nguo yake, na hakuna mtu Dodoma anayegombana kwa sababu ya hilo.

Ugomvi unaanza kwenye maneno mapya. Mimi nina steshenari ndogo hapa mjini, kazi yangu ni kuchapa, kutoa kopi, kuskani, kutengeneza kadi za harusi, basi nasikia Kiswahili cha kila aina kwa siku. Kuna mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, mtu mzuri sana ila kwenye lugha hana mchezo. Siku hiyo amekaa kwenye benchi anasubiri barua yake ya mirathi, akaingia kijana na flashi mkononi, akamsalimia vizuri tu, "shikamoo mzee", kaitikiwa "marahaba", akanigeukia mimi: "Bro, niprintie hii siivii."

Mwalimu akamkatisha. "Mwanangu, niprintie ndo nini? Sema nichapie. Mnatuulia Kiswahili."

Kijana akacheka kwa adabu, "sawa mzee wangu," akabaki ameshika flashi yake. Mimi nikashindwa kuvumilia nikamwambia Mwalimu, hata hilo chapa tumelitoa kwa Wahindi, ni neno la Kihindi la kupiga muhuri na kuchapisha. Akaniangalia juu ya miwani. "Haya, lakini hilo lilikuja zamani."

Sasa hapo ndo pananichekesha. Neno halishtakiwi kwa kuwa la kigeni, linashtakiwa kwa kuwa limekuja juzi. Likikaa sana tunalisahau kwao, tunalipa cheo, linaitwa fasaha, halafu tunalitumia kulifukuzia jingine.

Maana humu dukani kwangu ukianza kuuliza kila kitu kimetoka wapi hutafunga mapema. Muhuri ni wa Waajemi. Bahasha ni ya Waturuki, kwao bohça ni kitambaa cha kufungia vitu kuwa furushi. Kalamu imekuja na Waarabu, ila nyuma yake kuna Wagiriki, na kwao lilikuwa tete tu, ile nyasi iliyochongwa ncha. Na karatasi, hii ndo naipenda kuliko zote. Wagiriki walikuwa na neno khartes, la ile karatasi ya mafunjo. Waarabu wakalichukua wakasema qirtas, likashuka pwani likawa karatasi. Huku Walatini nao wakalichukua kutoka kwa Wagiriki haohao wakasema charta, Wareno wakawa na carta, wakaja nayo kwenye majahazi yao wakiwa wanacheza kamari, tukapata karata. Waingereza nao wakaja na yao, tukapata kadi. Baadaye tena shuleni wakatuletea chati za kubandika ukutani, nalo ni lilelile. Kwa hiyo nikichukua karatasi ngumu nikachapa kadi ya harusi, pembeni vijana wanacheza karata, ukutani imetundikwa chati ya bei, hapo ni neno moja limekutana na ndugu zake waliopotezana miaka elfu na kitu, na wala hawafahamiani.

Wataalamu wanayaita maneno ya mkopo. Mkopo wenyewe basi mzuri, sio kausha damu, hakuna afisa atakayekuja kubeba friji.

Dodoma ni mji wa serikali, na ukizipekua hizo ofisi ndo utachoka. Serikali yenyewe ni Kiajemi, sar ni kichwa na kar ni kazi. Waziri ni Mwarabu, diwani chimbuko lake Uajemi, manispaa ni Mwingereza aliyekatwakatwa, na sisi tulikuwa manispaa mpaka tarehe 26 Aprili 2018 tulipotangaziwa kuwa jiji, ambalo hilo ndo la kwetu kabisa, ni mji uliokuzwa tu. Dola nazo ni mbili. Vyombo vya dola ni dawla ya Kiarabu, dola ya kubadilishia benki ni nyingine kabisa, nitaifikia.

Ila mfalme wao wote ni balozi. Mtaani kwetu kijana akitaka barua ya kupelekea kwenye mambo ya kitambulisho anaambiwa kaanzie kwa balozi, na balozi ni mama mmoja wa makamo, ukienda asubuhi utamkuta na khanga kiunoni anachambua mlenda, atakunawia mikono, atakuuliza mama yako hajambo, ndo achukue peni. Cheo chake hicho kimeanzia Venice. Jamhuri ya Venice zamani ilikuwa na mtu wake Istanbul, wa kuangalia mambo ya wafanyabiashara wao kwa Sultani, akiitwa bailo. Waturuki wakatamka balyoz. Neno likasafiri na biashara mpaka huku kwetu likawa jina la mwakilishi wa nchi ya kigeni, wale waliokuwa na bendera zao Zanzibar. Halafu TANU ikaja na mfumo wa nyumba kumi kumi, ikamchukua balozi kutoka ikulu za wafalme ikamleta uchochoroni. Leo hii Tanzania balozi anaweza kuwa mtu wa New York anayehutubia Umoja wa Mataifa, na anaweza kuwa mama anayesuluhisha kesi ya kuku, na ukisema "nimeonana na balozi" watu wanaangalia kwanza umevaa nini ndo wajue ni yupi.

Afande naye hivyohivyo. Ukisimamishwa barabarani kule Ihumwa ukasema "samahani afande", umesema neno ambalo kwa Wagiriki lilikuwa authentes, mwenye mamlaka. Waturuki wakalifanya efendi, likaingia jeshi la Misri, na mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alipokwenda kukusanya wanajeshi wa Kisudani Cairo kuja kupigana na akina Abushiri pwani, wale jamaa walikuja na vyeo vyao mdomoni. Wajerumani wameondoka, efendi kabaki anaomba leseni.

Wajerumani wenyewe kwa lugha hawakutuachia vingi, lakini walivyotuachia ni vya kila siku. Shule ni yao. Ndo maana ukivuka kwenda Zanzibar, ambako Mjerumani hakutawala, unakuta skuli, ya Mwingereza. Na hela ni yao. Huku kabla ya hapo rupia moja ilikuwa na pesa 64, pesa ni paisa ya Wahindi, ila mwaka 1904 Wajerumani wakaona hesabu hiyo inawasumbua wakaweka rupia moja ni heller 100. Vita ilipokuja wakafungiwa bahari, sarafu kutoka kwao haziingii tena, wakaanza kuzigonga wenyewe Tabora mwaka 1916, kwa mashine za reli hii hii ya kati iliyopita hapa Dodoma. Muda si mrefu wakashindwa, rupia ikafa, ikaja shilingi ya Mwingereza, na sarafu ya heller imebaki kwa wakusanyaji wa vitu vya kale. Jina ndo halijafa mpaka kesho. "Sina hela" tunasema sote, kuanzia mbunge mpaka muuza karanga.

Heller lilikuwa jina la mji. Zilianza kugongwa Hall, siku hizi mji unaitwa Schwäbisch Hall, kusini mwa Ujerumani, kwa hiyo heller ni "ya Hall" tu, kama tunavyosema mchele wa Kyela. Na ile dola niliyoiacha nayo ni mji. Kuna bonde linaitwa Joachimsthal, leo liko Jamhuri ya Cheki, miaka ya 1500 walipata madini ya fedha mengi sana mlimani wakagonga sarafu zikaitwa Joachimsthaler, watu wakachoka na urefu wakakata wakasema thaler, Waholanzi wakageuza, Waingereza wakageuza tena ikawa dollar. Huku kwetu ile sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala, na hadithi inayokubalika na wengi ni kwamba makonda wa Dar walipokuwa wakiita nauli ya shilingi tano, dala dala, gari lenyewe likabaki na jina. Thal ni bonde. Kwa hiyo mtu akipanda daladala ya kwenda Nkuhungu anapanda kitu kinachoitwa bonde bonde.

Haya, sasa hapa kwetu Ugogo.

Watu wanadhani maneno yote yanakaa pwani, bara tunapelekewa makombo tu. Lakini njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa inapita humu, huna pa kukwepea, na nchi hii maji yake ni ya shida, aliyeshika kisima ameshika msafara. Watemi wa Kigogo walilijua hilo vizuri. Mwenye msafara akiingia kwenye himaya ya mtemi analipa hongo ndo apewe ruhusa ya kupita na kunywa, akivuka kwa mtemi mwingine analipa tena. Burton na Speke walipita mwaka 1857 wakalipa. Stanley akapita 1871 akalipa, tena kwa kulalamika. Hongo ilikuwa ushuru, ya wazi, ya mchana, inajadiliwa kwa siku kadhaa mbele za watu. Leo hongo ni ile ya kupeana chini ya meza, na chombo cha kuikamata makao makuu yake yako hapahapa Dodoma, jina lake refu linatumia rushwa, ambayo ni ya Kiarabu. Yaani neno letu la Kibantu ndo limeshuka cheo likawa kosa la jinai, la kuja ndo limekaa kwenye kibao cha ofisi. Wagogo hapo wana haki ya kulalamika kidogo.

Na hongo ililipwa kwa nguo. Nguo yenyewe iliyokuwa inatakiwa sana ni merikani, kitambaa cheupe kigumu kilichofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, wafanyabiashara wa Salem wakakileta Zanzibar, na kwa vile kimetoka Marekani kikaitwa hivyo. Kwa hiyo mtemi wa Ugogo alikuwa anaijua Marekani kwa kuishika, mkononi, kabla hajaiona kwenye ramani yoyote. Kipimo kilikuwa doti, yadi nne. Doti ni ya Wahindi, ile dhoti wanayojifunga wanaume kiunoni. Nenda leo soko la Majengo kaulize khanga, muuzaji atakwambia bei ya doti, kitambaa cha Salem kimeshasahaulika lakini kipimo kile cha msafara bado kinauzia.

Masoko bado yanafanya kazi hiyo. Sado ya nyanya, sado ya vitunguu, hilo neno huko sokoni wanakwambia limetoka kwenye makopo ya rangi ya Sadolin, kampuni iliyoanzia Denmark, makopo yakishaisha rangi yanakuwa kipimo. Bajaji ni kampuni ya India. Sijui kama kuna mtu anayewaza Denmark akipimiwa nyanya.

Turudi kwa yule kijana. Mimi naona swali la "limetoka wapi" ni tamu kwa kupiga stori lakini halisaidii kujua kama neno limeshakuwa letu. Swali ni limekubali kufanyishwa kazi na ngeli au halijakubali. Kitabu kilipokuja, Mwarabu hakuwa na wazo la ki- na vi-, kwake mzizi ni k, t, b, ndo maana kuna katibu na maktaba. Sisi tukaona ki-, tukasema basi wengi ni vitabu. Miswaki ni noma zaidi, Mwarabu anasema miswak na anamaanisha mmoja, sisi tukasikia mi- tukajua hiyo ni mingi, tukautengeneza mmoja wetu, mswaki, ambao kwao haujawahi kuwepo. Wakati tukaupa nyakati. Madigadi ya gari, ambayo kwa Mwingereza ni mudguard moja, tukayaona ni mengi tayari. Na pale kwenye mizunguko ya barabara Mwingereza aliweka kibao cha kuwaambia madereva washike kushoto, keep left, sisi tukaita mzunguko wenyewe kipilefti, viwili vipilefti. Ukitaka kujua kwamba hilo ni neno la Kiswahili kamili mwambie Mwingereza akuelekeze nyumba kwa vipilefti uone.

Sasa angalia "niprintie". Ni- ni ya kwangu mimi nitakayefanyiwa, ile -i- ni ya kutendea, -e mwishoni ni ya kuomba kwa heshima. Vyote vimekaa mahali pake, hakuna Mwingereza anayeweza kukitunga hicho kitu. Kijana alikuwa anaongea Kiswahili safi, sanifu kwa umbo, na kitenzi kimoja kichanga. Hata Mwalimu nilipomchambulia hivyo alinyamaza kidogo, akasema "umbo sawa, lakini masikio yangu yanauma", na hilo nalo nalikubali, masikio ya mtu sio ya kubishana nayo.

Wala sisemi tupokee kila takataka. Mtu akiniandikia sentensi ambayo nusu nzima ni Kiingereza kitupu hakijapewa hata kiambishi, huyo hakopi, huyo amehama. Na maneno ya kubuniwa ofisini nayo yana bahati zake. Kiyoyozi limekubali, barua pepe limekubali, ngamizi lililotakiwa kuwa kompyuta likakataa kabisa hata kwa kulazimishwa. Hamna kanuni. Simu kwa Waajemi ni waya, ilikuja enzi za nguzo na nyaya, leo tunatembea nayo mfukoni haina waya hata mmoja, tunaiita waya na inaitika.

Linaloniudhi mimi ni jingine. Tunabishana Kiarabu na Kiingereza wakati mikopo mizuri kabisa tumeifanya humuhumu ndani na hatuisemi. Ikulu ni ya Wanyamwezi na Wasukuma, nyumba ya mtemi, leo ukienda Chamwino unaikuta kwenye kibao. Kitivo cha chuo kikuu ni cha Wasambaa, bonde lenye rutuba. Ngeli yenyewe tunayoifundisha imetoka Kihaya. Ng'atuka Mwalimu Nyerere aliileta kutoka Kizanaki alipokuwa anaachia urais mwaka 1985, na nchi nzima ikaelewa siku hiyohiyo. Hakuna mtu aliyesema maskio yanamuuma.

Na sisi wa katikati tuna ghala. Ukitoka hapa kwenda Kondoa na Chemba unapita kwenye Kirangi ambacho ni Kibantu, Kiburunge na Kialagwa ambazo ni za Kikushi, Kisandawe chenye kudatisha ulimi ambacho hakina ndugu wa karibu popote, na ukisogea zaidi kaskazini kuna Wabarbaig na Kidatoga chao cha Kinailoti. Sehemu chache sana duniani zina mchanganyiko wa namna hiyo ndani ya safari ya siku moja. Wameombwa maneno mangapi hao?

Kigogo angalau kimeanza. Tangu ofisi zihamie kwa wingi kuanzia 2016 mji umejaa watu wa kila mkoa, na nawasikia wenyewe, mtu wa Mtwara, mtu wa Bukoba, anaingia dukani anasema "mbukwenyi!" kwa sauti, kwa utani kidogo, na wenyeji wanamwitikia "mbukwa". Bado ni salamu tu, imesimama peke yake, haijashikwa na kiambishi chochote. Siku nikisikia mtu wa Bukoba anasimulia "tulimbukwana pale stendi", basi, hilo limeshaingia.